Saa ya Ng'ombe Kumi

Jumatano, 9 Julai

Abiria saba kabla ya saa nne. Wawili hospitali, mmoja na mbuzi. Mbuzi kanikojolea mguuni, nimemtoza na yeye nauli. Kijiwe chetu cha bodaboda cha Somanda kimenuna. Wakulima bado wanasubiri hela ya pamba, watu wanatembea kwa miguu. Mimi sinuni. Mimi leo nimevaa saa mbili.

Moja kila mkono. Za Dotto. Tulikaa dawati moja mpaka nilipoachana na shule kidato cha pili, na shule ndiyo iliyopata hasara. Siku hizi Dotto anafuata mizigo Dubai. Kafikia gesti hapa Somanda, kaniachia nizijaribu zote mbili, nichague. Kachukua kadi ya pikipiki yangu kama dhamana. Urafiki uko palepale, ila kadi anayo.

Saa za kuzamia. Za watu wanaoshuka chini ya bahari kwa kupenda. Nyeusi inakwenda mita mia mbili. Ya bluu mia tatu. Ziwa letu lote halifiki nusu ya hapo. Hazina betri. Mkono ukicheza, inajijaza nguvu yenyewe. Ukilala sana inasimama. Njile wa kijiweni, ambaye wivu utamuua kabla ya gongo, kasema basi kwangu itasimama kila siku.

Bei. Dotto anataja mamilioni, mimi nageuza. Nyeusi ni ng'ombe wanne. Ya bluu ni ng'ombe kumi. Ng'ombe wazima, siyo ndama.

Na ng'ombe ninao. Kumi na sita.

Alhamisi, 10 Julai

Niandike vizuri. Hesabu ndilo somo nililokuwa nawafundisha walimu.

Dada yangu Minza aliolewa Kalemela, mwaka wa tatu sasa. Mahari ng'ombe kumi na sita, wakaja hapa nyumbani Ngulyati. Mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Kwetu ng'ombe wa dada ndio wa kaka kuolea. Baba alishatamka mbele ya wazee: hawa ni wa Masunga. Masunga ndiye mimi. Msichana wa kunitosha sijamwona bado. Saa nimeiona.

Nimemwambia baba jioni. Nilijiandaa kwa ugomvi, nimeukosa. Kauliza idadi tu. Mnada ni Jumatano, nimtajie mapema anitafutie barua kwa mtendaji. Nikampa ya bluu aishike. Kaiweka sikioni, kaigeuza, kanirudishia. Kasema jogoo wake anajua saa na hajawahi kumdai kitu.

Mayu alikuwa amekaa palepale anapeta mtama. Hakusema neno. Mama yangu ana maneno ya kumtosha kila mtu, hata kuku. Akinyamaza sipendi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimezitumbukiza zote mbili kwenye ndoo mbele ya kijiwe kizima. Saa nzima. Zinatembea kama hakuna kilichotokea. Watu wakapiga makofi. Njile akasema hata sahani inakaa kwenye ndoo. Kama mimi mwanaume niende ziwani.

Sijui kuogelea. Njile hajui kwamba sijui.

Nikatangaza Jumapili nakwenda Kalemela kwa dada, nitazama nazo na nitarudi na video.

Nimezilinganisha siku nzima. Nyeusi ni nyepesi, safi, haina makuu. Kusema kweli ni nzuri. Ya bluu ni nzito. Ukizungusha ule ukingo wake unalia tik, tik, tik, taratibu, kama mtu mwenye hela anavyohesabu. Nikivaa nyeusi naonekana nina saa. Nikivaa ya bluu naonekana nina ng'ombe.

Nimempigia Dotto. Ya bluu. Kasema sawa, ila kuna mteja Maswa anaitaka hiyohiyo, na yeye Jumatano anaondoka. Nikamwambia mteja wa Maswa anunue redio.

Jumapili, 13 Julai

Nimerudi.

Nilifika kwa Minza saa tano. Mkono wake wa kushoto kaufunga kwa kipande cha khanga, toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Kasema aliteleza mwaloni, kwenye mitumbwi, na ndoo ya dagaa. Nikaamini. Kisha alikuwa anamimina chai, Shemeji Lubango akainuka ghafla kufuata sukari. Sukari tu. Minza akajikunja, chai yote ikaenda mezani. Shemeji akasema pole, mama. Kwa upole kabisa. Nikaacha kuamini.

Lakini sikusema kitu. Niandike na hilo.

Shemeji kanipokea kama mheshimiwa. Sato mzima, ugali wa kushindana. Akaiona saa. Akaushika mkono wangu wote, akasoma kila kilichoandikwa. Nikajisifu, ndiyo kazi yangu. Nikasema ng'ombe kumi. Akauliza kumi wapi, wa Minza? Nikajibu wa Minza, wa nani tena. Akacheka, akanipiga begani.

"Chukua hiyo ya kumi, shemeji. Hiyo nyeusi waachie walimu."

Nikafurahi. Sijifichi. Nilifurahi.

Mchana Minza akanisindikiza ziwani kunishikia simu. Niliingia mpaka kiunoni nikachutama, saa ikazama, mimi nikabaki juu kama chupa. Kwenye video sionekani hivyo. Tulipokuwa wawili tu, akauliza.

"Watabaki wangapi?"

Nikasema sita. Hakulia. Alinirudishia simu, akasema maji ya leo ni machafu, nioge nikifika.

Lamadi nilisimama kuweka mafuta. Hapo akili ikanifikia, imechelewa kama kawaida yake. Minza akitaka kurudi nyumbani, mume anadai ng'ombe wake. Wote, maana hawana mtoto. Wasipotimia, wazee wanamrudisha mke kwa mume. Ndivyo ilivyo, kila mtu huku anajua. Hata mimi nilijua.

Shemeji hakuwa anaisifia saa. Alikuwa anahesabu.

Jumatatu, 14 Julai

Video imewaua kijiweni. Imeangaliwa mara ishirini. Njile kakosa la kusema, halafu akalipata: mpiga picha alikuwa anatetemeka. Nikasema baridi. Kalemela, mchana, baridi.

Niliwahi kurudi nyumbani. Nikamkuta mayu peke yake. Nikauliza moja kwa moja kama anajua habari ya mkono wa Minza. Anajua. Anajua na ya kabla ya mkono. Minza alikuja hapa Pasaka, mimi nikiwa kijiweni. Baba akamwambia ng'ombe alishampa kaka yake mbele ya wazee, hawezi kula matapishi yake. Alilala usiku mmoja akarudi. Nikapandwa na hasira. Nikauliza kwa nini hamkuniambia. Mayu hakuinua hata kichwa.

"Ungekuja na saa moja, baba, ningekwambia. Umekuja na mbili."

Ameniita baba, kama anavyoniita akinipenda. Imeuma zaidi.

Basi nimeamua. Nyeusi. Wanne. Wanabaki kumi na wawili. Kumi na wawili ni karibu kumi na sita. Shemeji akidai, wanne watatafutwa. Na nani? Watatafutwa. Nimemwambia Dotto, kanuna kidogo. Nimemwambia baba, wanne.

Najua hii ni hesabu ya mtoro. Nimeiandika hivyohivyo.

Jumanne, 15 Julai

Shemeji kapiga simu asubuhi. Hajawahi kunipigia tangu aoe. Salamu ndefu, ng'ombe hawajambo, mvua hakuna. Kisha: nimeshauza? Nikasema kesho. Wangapi? Nikasema wanne, nachukua nyeusi. Nikasikia anacheka mbali na simu, kama ananicheka na mtu mwingine.

"Wanne tu? Na mimi nilidhani nimeoa kwa wanaume."

Akakata.

Nilikaa juu ya pikipiki sijui muda gani. Abiria kaniita mara tatu. Masikio yanawaka. Mimi nicheke watu miaka yote hii, nije nichekwe na huyu? Saa sita nilikuwa nimempigia Dotto: ya bluu. Saa saba nikampigia baba: kumi. Baba akasema barua ya mtendaji ilishaandikwa wanne. Nikamwambia ibadilishwe. Ikabadilishwa.

Najua anachotaka yule mtu. Nilijua nikiwa nimeshika simu. Nimefanya hivyo kwa sababu alinicheka. Sababu nyingine sina. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Sijala leo.

Jumatano, 16 Julai

Ng'ombe kumi, mimi na Njile na fimbo mbili. Njile kaja bure, kasema hawezi kukosa siku ninayogeuka kuwa tajiri wa mkono mmoja. Tulitoka alfajiri. Walitembea vizuri. Yule mwekundu mwenye pembe moja alikuwa mbele muda wote, kama anajua anakokwenda.

Dotto alikuwa ameshafika mnadani na kiboksi chake. Mnunuzi alikuwepo pia, mtu wa Mwanza, kavaa viatu vyeupe kwenye mavi ya ng'ombe. Alishawapitisha macho wote kumi. Kataja bei nzuri.

Ikabaki karani wa getini. Wanauliza kila mtu, ni utaratibu, mambo ya wizi wa mifugo. Kalamu tayari, uso hauinuki. Ng'ombe wa nani?

Nikasema, "Wa Minza."

Sikupanga. Ndivyo tunavyowaita nyumbani miaka mitatu. Kawatoe wa Minza, wa Minza wamenywa? Mdomo umezoea.

Karani akaandika. Akauliza kama Minza ndiye mimi. Njile akacheka mpaka akashika nguzo. Nikasema ni dada yangu. Akasema basi aje asaini mwenyewe, au nina barua?

Nilikuwa nayo. Mfuko wa shati, mhuri wa mtendaji, jina langu, idadi kumi. Nilikuwa naisikia kifuani inavyokwaruza. Nyuma yangu watu wanapiga miluzi, foleni, ng'ombe wanasukumana. Mnunuzi akasema kijana, amua. Dotto akaonyesha saa ya bluu mkononi mwangu, halafu akaonyesha jua.

Nikasema sina barua.

Ukitaka kuchekwa, geuza ng'ombe kumi getini. Walinicheka watu nisiowajua. Mama lishe mmoja aliniuliza kama nimewaleta kutembea. Dotto alinifuata mpaka barabarani. Nikavua ya bluu, nikampa. Akauliza, na nyeusi? Nikasema na nyeusi. Akanirudishia kadi yangu. Hakuwa amekasirika. Kasema tu kwamba Maswa wana bahati.

Njile hakucheka tena. Alirudi na mimi hadi Ngulyati.

Jioni nimempigia Minza. Nimemwambia wote kumi na sita wapo. Nikasikia mtu anaosha vyombo karibu naye. Akanijibu kama anaongea na muuza dagaa: sawa, Ijumaa, mwenye mtumbwi atakuwa visiwani. Nikaelewa: Lubango hatakuwepo, nimfuate.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemleta.

Alikuwa na kikapu kimoja. Alishapanda kabla sijasimama vizuri. Mdogo wa Lubango alituona njiapanda, akatoa simu. Sijawahi kuendesha vile, na mimi nimeshaendesha vibaya sana. Karibu na Lamadi pikapu nyeupe ikaja nyuma yetu. Ikakaa. Nikipunguza inapunguza. Minza alinishika kiunoni kwa ule mkono mzima mpaka nikakosa pumzi. Tulipokata kona ya Bariadi, pikapu ikanyoosha kwenda Bunda. Ya mtu tu, na safari zake.

Dutwa akaomba maji.

Baba alimkuta ameshakaa jikoni na mayu. Akasimama mlangoni. Nikamwambia ng'ombe walikuwa wangu, na mimi nasema warudi kwao. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Baba akaenda kuwaita wazee.

Alhamisi, 24 Julai

Walikuja watano. Shemeji, mdogo wake, wazee watatu. Salamu zote zilikamilika, toka mwangaluka mpaka ya mwisho.

Wakaingia zizini kuhesabu. Shemeji akahesabu mara mbili. Nina hakika alitegemea sita. Alikuwa anamgusa kila mmoja mgongoni, na kila alipogusa mdomo wake ulizidi kukaza. Kumi na sita. Akasema mmoja amekonda. Baba akasema huyo alikuja amekonda. Mzee mmoja wa upande wao akakohoa kuficha kicheko.

Akaniuliza, iko wapi saa?

Nina majibu mia moja ya watu kama yule. Nimekuwa nayatunga wiki nzima juu ya pikipiki. Nikasema sina.

Wakawaswaga. Minza alitoka akasimama nje, mkono kifuani, mpaka wa mwisho alipopotea kwenye mtama. Lubango hakugeuka. Nilikuwa na fimbo mkononi muda wote. Sijui nilikuwa nimepanga kuifanyia nini.

Ijumaa, 25 Julai

Zizi limebaki na wawili wa baba. Wamesimama pembeni, wameacha nafasi ya wenzao.

Nimeamka mapema, hakuna cha kufungulia. Baba kashanitangulia, anafagia mavi ya jana. Nikachukua ufagio wa pili. Tukafagia. Kauliza siku hizi mafuta ya pikipiki yanauzwaje. Nikamwambia. Akasema ni mengi.

Sina ng'ombe. Sina saa. Sina mchumba, ila huyo hata kabla sikuwa naye.

Minza bado amelala. Jua lipo juu ya mtama na bado amelala. Mayu kakataza mtu kupiga kelele, kahamishia hata kinu nyuma ya nyumba.

Pikipiki nimeisukuma mpaka barabarani. Huko ndiko nilikoiwasha.