Kabuti la Baba na namba ya chini

Jumapili, katikati ya Agosti. Mawingu tangu asubuhi, manyunyu juu ya mabati, ubaridi wa kuvaa soksi ndani ya nyumba. Nimetulia kuliko nilivyokuwa jana. Sijui kama ni utulivu au ni uchovu tu.

Jana tulikuwa nyumbani Dundori kupimwa.

Nieleze, kwa sababu si kila familia ina jambo kama hili. Miaka michache iliyopita Baba alianguka shambani akivuna viazi, akafariki kabla gari halijafika barabara ya lami. Moyo, tuliambiwa. Hakuwa amewahi kupimwa chochote. Mama hakulia sana mbele yetu. Alitoa amri: kila mwaka tukikutana kumkumbuka, hakuna mtu kugusa nyama kabla ya kudungwa kidole. Binamu yetu Njoki ni muuguzi. Huja na kimashine chake cha kupima kolesteroli, yaani mafuta yaliyo kwenye damu, anaketi barazani, nasi tunapanga foleni kama watoto wa chanjo.

Lakini kwetu huzuni haikai muda mrefu bila kufanyiwa mzaha. Mwaka wa pili tayari yalikuwa mashindano. Mwenye namba ya chini zaidi huvaa kabuti la Baba siku nzima na kuchagua kipande cha kwanza cha nyama. Ni kabuti la sufu nzito, la kijivu, ambalo Baba alilinunua kwa wauza mitumba wa Molo na kulivaa kila asubuhi akienda kukamua.

Ndugu yangu mdogo, Kariuki, ndiye aliyebaki nyumbani na ng'ombe na viazi. (Si jina lake. Amenipa ruhusa niandike haya kwa sharti nimpe jina la mtu mwenye pesa. Kuna Kariuki mmoja tunayemjua ambaye ana malori.) Alishinda mara tatu mfululizo. Tulimwita Bingwa. Anakunywa maziwa kama ndama, anakula mayai, lakini namba yake ilishuka kila mwaka, na mjomba mmoja alikuwa akimwuliza siri yake kwa dhati kabisa.

"Kazi," Kariuki alikuwa akimjibu. "Nyinyi mnakalia viti."

Hakuna aliyeuliza kwa nini bingwa wetu alikuwa akitoboa matundu mapya kwenye mshipi wake.

Mwanzoni mwa mwaka huu mkewe alimkuta ameanguka nje ya choo. Ndipo tukajua kwamba kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa akienda haja yenye damu, mara nyingi kwa siku, akikimbia kutoka kwa ng'ombe mmoja hadi mwingine na choo kikiwa katikati. Hakumwambia mtu. Nilimpeleka kliniki hapa Nakuru. Daktari alimchunguza, akasema kinga ya mwili wake imegeukia utumbo mpana. Utumbo unavimba, unatoka vidonda, unavuja damu. Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Hakuna dawa ya kuumaliza kabisa, lakini kuna dawa za kuutuliza, na lazima zimezwe hata siku mtu anapojisikia mzima.

Alizimeza. Kufikia mwezi wa sita alikuwa anabeba magunia tena.

Turudi jana.

Zamu yake ilipofika alinyoosha kidole huku akitazama pembeni. Njoki alisoma kimashine, akafuta kidole kingine, akapima tena. Sita nukta moja, na Njoki hutaka tuwe chini ya tano. Mwaka jana alikuwa chini ya tatu.

"Bingwa ameanguka," mjomba akasema. Hakuna aliyecheka.

Mama alisimama na sufuria mkononi. Alimtazama Kariuki, akasema, "Huo ni moyo wa babako." Halafu akasema lile lililonifanya niweke kikombe chini. "Ni hizo tembe. Kabla uzianze ulikuwa wa kwanza hapa. Wachana nazo."

"Nishawachana nazo, Mama," Kariuki akajibu.

Akainuka, akaelekea zizini.

Mimi nilikuwa wa mwisho kupimwa, na namba yangu ikawa ya chini kuliko zote. Ni mara yangu ya kwanza. Njoki alinivika kabuti bila makofi.

Nimefanya kazi ya habari miaka mingi na nimejifunza jambo moja ambalo halijawahi kuniangusha: mtu mwenye hofu humwambii kitu, unamwuliza. Nilimfuata zizini. Alikuwa anakatia ng'ombe majani kwa panga, haraka kuliko ilivyohitajika.

"Umekuja kunihoji, madam?"

"Nimekuja kuona ng'ombe."

"Hawaongeangi na magazeti."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niliuliza aliacha lini. Jumatatu, alisema. Alikuwa amepita duka la dawa pale senta akapimwa, akaona namba imepanda. Kwa hiyo namba ya jana kwa Njoki haikumshtua, ilithibitisha tu. Alikuwa ameacha maziwa, mayai, nyama na vidonge, vyote siku moja.

"Sasa ona," alisema. "Hiyo tumbo naijua. Inanisumbua, inanichosha, lakini tunajuana. Moyo hauongei. Mzee alikuwa anapiga stori na sisi, dakika ile ingine yuko chini. Mimi niko na watoto wawili. Afadhali tumbo."

Ni hoja. Nimesikia mawaziri wakitoa hoja dhaifu zaidi.

"Na tumbo liko aje?"

Alikata majani. "Jana kidogo."

"Damu?"

"Si nimesema kidogo."

Hapo ndipo nilipoogopa, na sikuona faida ya kumwonyesha.

Manyunyu yakageuka mvua. Zizi letu lina paa upande mmoja tu, na Kariuki alikuwa na shati. Nilivua kabuti nikampa, kwa sababu kulikuwa na baridi, si kwa sababu nyingine yoyote. Alilivaa, akafunga vifungo kutoka juu, kimoja baada ya kingine, hadi cha chini. Kisha akabaki ameshika kifungo hicho.

"Imenitosha," alisema.

Nilimnyooshea kola.

"Mwaka jana Njoki alinicheka. Alisema anaona kabuti inatembea peke yake."

"Mwaka jana ulikuwa bingwa," nikasema.

Alinitazama. Kariuki si mtu wa kuelezwa mara mbili. Ng'ombe akikonda na huku kila kitu chake kingine kinaonekana safi, hampigii makofi, anamwita daktari wa mifugo. Nilimwona akipita njia hiyo kichwani, polepole, na nikamwacha apite.

Kisha nikamkumbusha maneno ya daktari, yale ya siku ile ya kwanza kliniki. Kariuki alikuwepo, lakini siku hiyo alikuwa ameinama akishika tumbo na angekubali hata kuuza shamba. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake bila maumivu yoyote, na kusikia ndiyo kazi yangu.

Daktari alipitia majibu ya damu akasimama kwenye kolesteroli. Alisema namba ya chini namna ile, kwa mtu anayekula maziwa na mayai, isitufurahishe. Utumbo unapovimba kwa muda mrefu, mwili wote unakuwa kama nyumba inayoungua. Chakula hakifyonzwi vizuri, mwili unabadilisha jinsi unavyotumia mafuta yake, na kolesteroli inashuka, ile mbaya pamoja na ile nzuri. Kipimo cha uvimbe kikipanda, kolesteroli mara nyingi huteremka. Dawa zikianza kufanya kazi, alisema, mtaiona ikipanda. Msikimbie. Njooni tuitazame pamoja.

Kisha akaongeza jambo ambalo sijalisahau. Uvimbe wenyewe unaumiza mishipa ya damu. Mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kuwa na kolesteroli ya chini na bado moyo wake ukawa hatarini, kwa sababu moto ule hauchomi utumbo peke yake.

Kariuki alisikiliza yote akiwa ameegemea mlango.

"Kwa hivyo miaka ile yote nikishinda, moyo haukuwa salama."

"Hivyo ndivyo nilivyomwelewa."

"Na hii sita ni afya?"

"Hakusema hivyo. Alisema kupanda ni dalili kwamba utumbo unatulia. Imepanda hadi wapi, na ifanyiwe nini, hilo ni la kupimwa vizuri. Ulianza na zile dawa kali za kupunguza uvimbe, zile ulizoacha kwa maagizo yake, nazo pia huweza kuipandisha. Na Mzee ni babako. Hilo nalo halijaondoka."

"Kwa hivyo niko na shida mbili."

"Mbili. Ulikuwa unatibu moja kwa kurudisha ile nyingine."

Akacheka kidogo kwa pua. "Unaongea kama taarifa ya saa moja."

Sikumwambia asiogope. Ningekuwa nadanganya, na angejua. Nilimwambia tu kwamba Jumatatu hii ana miadi ya kliniki ambayo alikuwa amepanga kutokwenda, na kwamba mimi nitakuwa pale, aje asije.

Hakuahidi. Alirudi kwenye majani.

Tulikula. Haki ya kipande cha kwanza ilikuwa yangu. Nilichagua ubavu nikamwekea Mama, ambaye aliutazama hadi ukapoa. Kabla sijaondoka nilimkuta jikoni. Niliyamwaga yale yale niliyomwambia Kariuki, kwa maneno machache zaidi. Mama hakubishana. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hivyo nilikuwa nampigia makofi akiungua?"

Nikamwambia tulikuwa wengi.

Nilishuka kuelekea mjini kukiwa bado mchana. Njiani kulikuwa na malori ya viazi yamesimama kando ya barabara, madereva wakinywa chai, na ziwa kule mbali likiwa na rangi ya bati. Nilikuwa nafikiria jinsi tulivyomnyima Baba kipimo kimoja, kisha tukampa mwanawe kipimo kimoja na kukiamini kupita kiasi. Kazini, namba moja kutoka kwa mtu mmoja haitoshi kuandika hata habari ya bei ya vitunguu. Nyumbani ilitutosha kumvika mtu kabuti.

Nilipofika Lanet simu ililia. Ujumbe kutoka kwa Kariuki, neno moja.

Nimemeza.

Niliegesha gari kando ya kituo cha mafuta nikakaa kidogo kabla ya kuendelea.

Sasa ni Jumapili, na nikiwa mkweli sina uhakika wa mengi. Karibu wiki nzima bila vidonge si jambo dogo. Ile "kidogo" yake inaweza kuwa kidogo, inaweza kuwa mwanzo. Daktari anaweza kumwongezea dawa ya kolesteroli, au asimwongezee. Anaweza kutaka kusubiri hadi utumbo utulie ndipo apime tena. Sijui, na sitaki kujifanya najua kwa sababu tu nimeketi na daktari mara moja. Ninachojua ni kwamba atakuwa kwenye kiti, mbele ya mtu anayeweza kusoma vipimo vyote viwili, cha uvimbe na cha kolesteroli, kwa pamoja.

Alipiga simu asubuhi. Atashuka na gari la maziwa.

"Na hii kabuti unaitaka lini? Wewe ndio ulishinda."

"Kaa nayo."

"Sheria inasema mshindi."

"Mshindi ameiazimisha."

"Sawa. Lakini usiseme nimeiba, ukiandika."

Nimesema.

Kisha, baada ya ibada, Mama akapiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye amekwisha kuamua. Mashindano yamekwisha, alisema. Kupimwa kutaendelea, lakini kabuti litakaa nyuma ya mlango, pale Baba alipokuwa akilitundika, alivae yeyote anayesikia baridi. Na kuanzia mwaka ujao, mwenye namba ya chini kuliko wote atakaa kwenye benchi moja na mwenye ya juu kuliko wote, na wote wawili wataulizwa maswali kabla ya kupewa sahani. Njoki amekubali. Mjomba amelalamika.

Nilimwambia ni sheria nzuri.

"Haya," akasema. "Na wewe, hiyo yako ya jana. Unakula?"

Nilijibu kwamba ninakula.

"Unakula nini?"

Nilitazama meza. Kikombe cha chai ya rangi, kompyuta, nusu ya mkate wa jana. Miaka yote hii nimewauliza watu maswali mafupi na kungoja kimya kifanye kazi yake. Sikuwa nimekaa upande huo wa kimya kwa muda mrefu.

"Mama, kesho niko kliniki na Kariuki," nikasema mwishowe. "Nitapimwa na mimi."

"Kila kitu," akasema. "Si hiyo moja."

Mvua imekata. Nguo zimekauka nusu. Kesho gari la maziwa likifika nitakuwa langoni mwa kliniki, na tutaingia wawili, wote wa kuulizwa.