Mama Ameziba Njia ya Kiboko

Jumamosi, Februari, baada ya chakula cha jioni

Leo jua limewaka mpaka mabati ya jikoni yakawa yanalia yenyewe, ta, ta, ta. Upepo hakuna. Ziwa limetulia kama mtu anayejifanya amelala.

Sijui kama kuna mtu anasoma blogu hii. Natumaini hakuna. Vitu vya kusema kwa mdomo vinanishinda, ndiyo maana naviandika.

Tulihama mtaa wa Migosi, kule mjini, mwaka jana tukaja huku kando ya maji. Nyuma ya nyumba yetu kuna hifadhi ya mafunjo, na leo asubuhi klabu yetu ya wanyamapori ya shuleni ilitembea humo. Kiangazi hiki mafunjo yamekauka hadi yanavunjika ukiyagusa. Maji yamerudi nyuma, na wanyama wote wamesongamana kwenye mfereji mmoja uliobaki. Tuliona kenge wawili, yangeyange wengi sana, halafu nzohe, yule swala wa majini anayejificha mpaka pua tu ndiyo inabaki juu. Hakukimbia. Alituangalia tu.

Mwalimu alifurahi, akapiga picha. Mimi sikufurahi. Mnyama mwoga akiacha kukimbia, kuna jambo.

Nikarudi nyumbani nikalikuta jambo lenyewe shambani kwetu.

Udongo ulioachwa na maji ni mweusi na bado una unyevu, kwa hivyo Mama amepanda sukuma wiki pale. Majirani pia wamepanda, lakini katikati waliacha uchochoro mtupu, mpana hata gari lingepita, unaoshuka moja kwa moja mpaka majini. Hakuna aliyeweka hapo hata mchicha. Mama aliona ni uvivu. Yeye ni mtu wa Bungoma, mto wa kwao una vyura tu. Akapanda uchochoro wote, na juzi akauziba kwa matawi ya miiba, eti ng'ombe za watu zinamkanyagia mboga.

Si ng'ombe.

Jana jirani yetu, Mama Akinyi, alisimama akaangalia ile miiba, akaanza kucheka.

"Mama Nekesa, kwani umemfungia mwenye ziwa mlango? Hapo ndio kiboko anapitanga akienda kula nyasi."

"Basi akuje na title ya shamba tuongee!" Mama akajibu.

"Haya. Ukimwona, msalimie sana."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata mimi nilicheka.

Leo mchana nilitumwa kuchuma sukuma, nikaona nyayo. Zimetoka majini, zikafika kwenye miiba, zikazunguka pale pale mpaka matope yakawa kama uji. Matawi mawili yamevunjika. Kando ya zile nyayo kubwa kuna nyingine ndogo, kama kisahani cha kikombe.

Ana mtoto.

Mwalimu ametufundisha: usisimame kati ya kiboko na maji, wala kati yake na mtoto wake. Kiboko hutoka kula usiku na kurudi ziwani alfajiri. Na alfajiri ndiyo saa ya Mama kumwagilia. Hushuka na mtungi wake wa plastiki wa njano, anainama kuchota, mgongo umeelekea nchi kavu.

Najua ningepaswa kusema pale pale. Lakini kwenye ufuo wa jirani walisema, habari ikawafikia askari wa wanyamapori, na kiboko akapigwa risasi. Kabla ya saa sita watu walikuwa wanabeba nyama kwa karai. Mimi naufikiria ule unyayo mdogo, ulimi unakuwa mzito. Nataka wote wabaki, Mama na yule mama mwingine. Labda huo ni ujinga.

Nilijaribu tukiosha vyombo.

"Mama."

"Eeh?"

"Hakuna."

"Wewe utaolewa na hiyo hakuna yako," akasema, akanirushia povu.

Basi nikaenda peke yangu nikaivuta miiba yote kando. Mikono imechubuka, hata kuandika kunauma. Nikadhani nimemaliza. Kabla jua halijazama Mama akapita huko, akawalaumu watoto wa Mama Akinyi, akairudisha miiba yote, na juu yake akaongeza bati kuukuu.

Sasa hivi nasikia mngurumo kutoka kwenye mafunjo. Si wa mbali. Vyura walikuwa wanapiga kelele, wamenyamaza wote pamoja. Mama yuko sebuleni, upande wa pili wa pazia la kitanda changu, ananyoosha sare yangu kwa pasi, anaimba wimbo wa kanisani. Hajui lolote. Nimewaambia nyinyi ambao hata sijui kama mko, na mtu aliye nyuma ya pazia hili sijamwambia.

Kwa hivyo nimefanya hivi. Nimeuchukua mtungi wa njano pale mlangoni, nimeuingiza kitandani ndani ya neti ya mbu, nitaulalia kama mto. Unanuka matope. Bila huo mtungi Mama hawezi kushuka majini. Ataamka, atautafuta, atafungua pazia kwa hasira: "Nekesa, mtungi wangu uko wapi?"

Na mimi nitakuwa nimeukumbatia. Sitaweza kumwambia hakuna.