Sifuri ya Mapendo

Nakivale, Alhamisi

Lakini sifuri ile nilimpa kwa haki. Jana karatasi ya zoezi ya Mapendo ilirudi ina jina lake tu, maana herufi bado zinamshinda. Bahati aliandika somo lote la malaria kama lilivyokuwa ubaoni, hata koma haikupotea. Nikampa kumi juu ya kumi.

Leo nilifuta ubao, nikamwuliza Bahati kwa mdomo mbu anazalia wapi. Akautazama ubao mtupu. Kisha akaanza kupekua daftari.

Hilo limeniudhi mchana kutwa. Tunanakili tangu Jumatatu, kwa sababu mkuu wa shule anataka kuona daftari zilizojaa. Mimi mwenyewe ndiye ninayesema, "Nyamazeni, muandike." Mapendo hanyamazi. Jumatatu nilimtoa nje kwa kuwa alikuwa akimwelezea jirani yake somo badala ya kulinakili.

Jioni mama yake Mapendo alinikuta bombani. "Mwalimu, huyu mutoto alimwanga maji yote yenye ilikuwa mu matairi nyuma ya nyumba. Eti njo mule fasi mbu anazalia. Kila jioni anafundisha wadogo zake, hata miye nimejua. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli kabisa.

Akafurahi, akajitwisha bidoni yake ya maji. Halafu akageuka. "Basi mu ile karatasi alipata ngapi?"

Nikamjibu kwamba bado sijamaliza kusahihisha. Kesho nitamwuliza Mapendo kwa mdomo, isije ikawa nilimdanganya mama wa watu.