Samli ya mgongoni

Mwanaisha, huyu shemeji yangu Ukasha nitamkomesha.

Leo nilikuwa na miadi ya kwanza ya zile sindano za Kichina za mgongo, hapa Guangzhou ninakosoma. Jana nikampigia Ukasha Handeni, maana alishajisifu kwamba kachomwa Korogwe. Akaniambia, "Shemeji, jipake samli mwili mzima, sindano zipite laini."

Samli, Mwanaisha. Nami nikajipaka. Kopo zima alilonipa mama mkwe.

Daktari, mama mtu mzima, kaniinulia shati, kanusa. Akaita wenzake. Wakanifuta kwa taulo wakipokezana, mgongo unanukia pilau. "Nani kakufundisha hivi?" Nikasema shemeji.

Nampigia mume wangu, anacheka mpaka anakohoa. Kumbe mdogo wake hajawahi kuchomwa. Hata chanjo shuleni aliikimbia kupitia dirishani.

Samli.

Na kumnunia siwezi, shemeji ni mtani. Sawa.

Mwezi ujao anakuja huku kufuata mzigo, na kiuno kinamsumbua. Nimeshamwekea miadi kwa mama yuleyule. Kichina hajui, mkalimani ni mimi. Na daktari nimeshamweleza kwamba kwetu mgonjwa akipiga kelele, anaomba aongezewe.