Glasi ya Pili

Jumatatu, 3 Machi
Blenda imefika. Ameituma Kitinda, binti yangu wa mwisho, kutoka huko mbali anakofanya kazi. Nesi wa zahanati alinisemea kwake: mzee kabaki kilo hamsini na moja, tangu mkewe afariki hataki kula. Kwani chai si chakula? Kitinda kasema nikikonda tena anachukua likizo, anakuja. Nikamwambia asijisumbue.

Jumatano, 5 Machi
Smuthi ya kwanza. Papai, ndizi, mtindi. Nikaichuja kwa chujio la chai, kama juisi — nikapata nusu glasi. Kitinda kacheka kwenye simu mpaka akapaliwa. Eti nimetupa nyuzinyuzi zote, na ndizo dawa ya tumbo. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Jumapili, 9 Machi
Parachichi na karanga, bila kuchuja. Nzito, tamu, wala haidai sukari. Haki ya Mungu, nimelamba kijiko.
Jagi linatoa glasi mbili. Ya pili nikaiweka mezani upande wa marehemu mama yao, mazoea tu. Nikakaa nayo. Mwisho nikainywa mwenyewe. Saa zote za ukutani humu ndani nimezitengeneza kwa mkono wangu, na ndizo pekee zinazonisemesha.

Jumatatu, 17 Machi
Mizani: hamsini na tatu. Nesi kafurahi, kampigia Kitinda palepale. Jioni binti kanipigia, sauti nyepesi: baba, sasa moyo wangu umetulia, likizo nitaisogeza mpaka mwisho wa mwaka. Nikasema vizuri, mwanangu. Nikasema tena, vizuri.
Kumbe nilikuwa naomba nikonde. Mzee mzima!

Alhamisi, 27 Machi
Siku ya kumi sijaionja smuthi. Nasaga kila asubuhi ili nisiseme uongo Kitinda akiuliza kama nimesaga. Jagi anachukua jirani, Mama Mapacha. Anadhani ni ukarimu. Mkanda umerudi tundu la zamani. Kizunguzungu kimeanza; kikizidi nitakaa tu.

Jumapili, 30 Machi
Kesho mizani. Kitinda kapiga simu asubuhi. Nyuma yake kitu kinanguruma — blenda, kanunua na yeye. Kasaga parachichi na karanga kama zangu. Kasema huko hana wa kula naye, baba, kwa hiyo leo tunywe pamoja, kila mtu mezani kwake.
Nimemwambia angoje kidogo. Simu iko mezani, yuko hewani, namsikia akivuta kiti. Glasi mbili zimejaa. Mama Mapacha anagonga mlango, amefuata jagi lake.