Aliyetuhesabu Mtoni

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoiweka randa yako chini, ukasema unajinyoosha kidogo, ukalala usiamke. Wenzako wa karakana walikuita Bwana Milango. Kila tunaposikia mlango wa mtu ukilia kwenye bawaba, tunajua huo haukupita mikononi mwako.

Ulikuwa mpole, ila hukuwa mtu wa kuharakishwa. Mteja aliyekuja mbiombio ulimpa kigoda akae. Penseli uliitafuta nyumba nzima nayo iko sikioni, na Mama hakukwambia mpaka umalize kuchungulia uvunguni.

Siku moja kila mwaka ulifunga karakana ukatupeleka mlimani, kwenye ule mto wa maji baridi. Tulirushiana maji, tukajenga vibwawa vya mawe, tukashindana kurusha vijiwe ng'ambo. Wewe ulikaa juu ya jiwe bapa, suruali umeikunja hadi magotini, ukituhesabu. Maji ya mlimani, ulisema, huingia bila kupiga hodi.

Kaka na mkewe, pacha wao wawili, mimi kitindamimba, Shangazi, Mama. "Saba. Tumetimia." Shangazi, dada yako, hakuchoka kukuchokoza: "Na wewe je, au umeshachukuliwa na maji?"

"Mimi ni mlango," ulimjibu. "Mlango hauhesabiwi na waliomo ndani."

Mwaka huu Mama hakutaka kwenda. Tangu uondoke analala upande wake uleule wa kitanda, wako hausogelei hata kwa mkono. Asubuhi anamimina chai vikombe viwili, kisha kimoja anakimwaga. Pacha ndio waliomshinda kwa kumbembeleza. Alikubali, lakini akatuambia wazi kwamba hiyo ni mara ya mwisho, hataki tena kuuona mto ule.

Tulipofika alikwenda moja kwa moja kukaa juu ya jiwe lako, viatu miguuni. Tulicheza, Baba, ila mchezo wa kujilazimisha hauna utamu. Wingu lilipotanda kileleni alisimama, akatuita, akatuhesabu kwa kidole. Akarudia.

"Sita," alisema. "Mmoja hayupo. Pacha wako wapi?"

"Tuko hapa, Bibi."

Hakuwasikia. Aliingia majini na viatu vyake, akiita huku na huko kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, hata siku ya msiba. Nasi tulivyozoea ile saba yako, tukachanganyikiwa. Kaka alivua shati ajitose. Mimi nilikimbia kuchungulia nyuma ya miamba, na sikujua namtafuta nani.

Shangazi akamfuata Mama, akamshika mkono. "Wifi," alimwambia taratibu, "hujajihesabu."

Mama alisimama pale, maji yakimpita magotini. Kisha akalia kilio alichokifungia mwaka mzima.

"Kumbe," alisema. "Mwaka mzima najiona sipo."

Tulimtoa majini, tukakaa naye juu ya jiwe, tumebanana wote saba, pacha wakimkamulia soksi. Shangazi akasema kwamba ungekuwepo ungetutania mpaka mwakani. Mama akacheka kidogo, machozi bado hayajakauka. Njiani kurudi, bila kuulizwa, alisema: "Safari ijayo mnikumbushe nibebe ndara. Viatu hivi vimeshaharibika."

Usidhani upweke umekwisha. Chai bado inamiminwa vikombe viwili, na karakana tukiifungua tunakutana na harufu ya mbao na kigoda kisicho na mtu. Tumekukosa sana, Baba.

Wanaokukumbuka ni mwanao mkubwa na mkewe, wajukuu wako pacha, dada yako, na mimi kitindamimba wako. Nilipomsomea Mama maneno haya alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza mbona tuko sita. Akachukua penseli yako, akaongeza kwa mkono wake:

"Na mimi, mkeo. Saba. Na wewe wa nane, Bwana Milango, daima tutakuhesabu."