Matundu Mawili ya Taya Lako

Mjukuu wangu Zaituni,

Marahaba. Hapa Handeni tu wazima, goti la bibi yako limepoa na mahindi yameshika. Nami ndiye mzee mwenye bahati kuliko wote wilayani: niling'olewa jino nikicheka!

Unaandika kwamba daktari anayekunyoosha meno ameona kwenye picha matundu mawili ya mshipa wa fahamu upande mmoja wa taya, na wengi wana moja. Unauliza kama ni kilema, na unaogopa kurudi.

Enzi za ujamaa, jino lilinipeleka zahanati moja ya Korogwe. Tabibu, Msambaa, akanichoma sindano ya ganzi.

"Mdomo umekufa ganzi?"

"Bado."

"Nyie Wazigua kwa woga!"

Alipogusa jino, akajua mwenyewe kwamba sikumdanganya. Akapapasa taya, akachoma tena mbele kidogo, mdomo ukafa.

"Ndugu, tundu lako halikukaa nilipozoea," akasema. "Ungenibishia tu nilipokucheka."

Basi si kilema, ni umbo. Daktari wako ameliona mapema, wangu alipapasa. Rudi, na ikiuma, sema.

Ile ya kucheka ni uongo. Nililia mpaka kamasi.

Babu yako